Betri ya Saba

Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana, dada yake Fundi Redio alikuwa akianika mashuka aliposikia mlio kama wa tairi linalopasuka. Akageuka. Moshi mweupe, mzito, ulikuwa ukifoka kwenye dirisha la karakana ya mdogo wake, nyuma ya nyumba, na kabla hajapata sauti ya kuita ulikuwa umeshageuka mweusi. Jirani aliruka ukuta, akaushika mlango kwa mikono mitupu, akarudishwa nyuma na joto. Gari la zimamoto lilipofika saa tisa kasorobo, zilibaki kuta nne na mabati yaliyojikunja. Fundi Redio walimkuta kwenye sakafu ya kijichumba cha ndani, alimozoea kujilaza kila siku baada ya chakula cha mchana. Kijichumba kile hakikuwa na njia ya kutokea ila kupitia karakana.

Mchunguzi wa moto alifika saa kumi. Alikuwa mwanamke mfupi, si msemaji sana, na wenzake walimbandika jina la Majivu kwa kuwa wao wakimaliza kuzima ndipo yeye anaanza kazi. Alimkuta Sajenti wa polisi ameshafunga daftari lake.

"Betri," Sajenti alimwambia. "Za zile ndege zake za rimoti. Mzee kachomeka chaja, kalala, betri imelipuka. Ajali. Tusijisumbue."

"Huenda," Majivu alisema, akavaa glavu.

Lakini alikuwa ameshasoma ukuta wa nje. Marehemu alitengeneza redio za watu miaka thelathini na tano, na alipostaafu aliuhamishia moyo wake kwenye ndege ndogo zinazorushwa kwa rimoti. Mtaa mzima ulimjua kwa kelele za ndege hizo na kwa jinsi alivyouogopa moto. Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu: USICHAJI UKALALA. USICHAJI BETRI ILIYOVIMBA. USICHAJI JUU YA MBAO. Chini ya maandishi hayo alijenga kijumba cha matofali, kimo cha goti, kimefunikwa kigae. Humo ndimo alimochajia, huku ameketi kwenye stuli akikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

Kijumba kilikuwa kitupu. Chaja ilikuwa imeyeyukia ndani ya karakana, kwenye mabaki ya meza ya mbao, hatua moja tu kutoka kijichumba alimolala.

Majivu alipiga goti. Betri ya aina hii ikiungua, shaba yake haiishi. Hubaki karatasi nyembamba zilizobanana kama kurasa za kitabu, fungu moja kwa kila seli. Aliyatenganisha mafungu hayo kwa kibanio, akayahesabu. Akahesabu tena. Yalikuwa manne.

Kwenye pembe ya uwanja palikuwa na sanduku la chuma lenye mchanga. Ndani yake mlilala betri sita, zimeandikwa moja mpaka sita kwa rangi nyeupe, na juu yake daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Mzee aliandika kila kitu: tarehe ya kununua, siku ya kuchaji, idadi ya seli. Zote sita zilikuwa za seli tatu.

"Sajenti, hebu fungua tena daftari lako. Iliyoungua ni betri ya saba, ya seli nne. Mzee huyu hakuwa nayo."

Kabla ya kuondoka alipiga picha ya ndara za marehemu. Zilikuwa kwenye kizingiti cha karakana, zimepangwa sambamba, ncha zake zimeyeyuka.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa jirani, maana watu watatu walimsikia mwezi uliopita akiapa kwamba atavichoma vidude vile. Alihojiwa sebuleni kwake, viganja vyote viwili vimefungwa bandeji.

"Nilisema, afande, sikatai. Mwanangu alikuwa na homa, hajalala siku mbili, na ile ndege inazunguka juu ya bati. Ulimi hauna mfupa. Lakini kumchoma mtu?"

"Kabla ya moto ulimwona nani akiingia?"

"Kuona, hapana. Nilisikia lango lake likilia, kwenye saa saba na nusu. Halafu likalia tena, baada ya kama dakika tano hivi. Hakuna aliyebisha hodi. Nikajua ni mwenzake wa ndege, wale huingia kama kwao."

Sajenti alitaka kumchukua hivyo hivyo. Majivu alizitazama zile bandeji, kisha akatikisa kichwa. Mtu huyu hata betri ya tochi angeitia kinyume.

Dada wa marehemu walimkuta ameketi jikoni, mikono mapajani, sufuria ya mchana bado mezani.

"Mama, pole sana. Leo alipokula, alikuwaje?"

"Alikula nusu, mwanangu. Nikamuuliza, akaniambia, 'Dada, kuna mtu yuko rumande kwa kosa lisilo lake, na mimi nimelijua siku kumi nimenyamaza. Nimempa mwenye kosa mpaka Jumatatu aseme mwenyewe.' Nikamuuliza ni nani. Akasema, 'Ni rafiki, ndiyo maana nimechelewa.'"

Majivu alimjua huyo mtu wa rumande. Miezi miwili nyuma stoo ya shule moja iliungua, na mama aliyekuwa akifagia humo alikufa hospitalini siku ya tatu. Ilisemekana mlinzi wa shule alitupa kipisi cha sigara, akawekwa rumande. Mabaki yalizolewa na kutupwa jalalani kabla Majivu hajaitwa, na jambo lile lilimkera mpaka leo.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa fundi cherehani aliyekuwa katibu wa klabu ya ndege, mwenye orodha ya betri za wanachama.

"Za seli nne ninazo mimi peke yangu," fundi cherehani alisema, uso umemparama. Alitoa mbili kwenye chungu, zote nzima. "Najua hilo linavyosikika."

"Kuna anayeweza kuwa nayo bila kuiandikisha?"

Fundi cherehani alizirudisha chunguni. "Betri ikifichwa, ndege haifichiki. Ndege ni mzani, dada. Unaiweka juu ya ncha za vidole viwili, chini ya mabawa. Ikiwa na betri yake hutulia. Ukiitia betri nyepesi, mkia unaanguka. Waombe wote waje na ndege zao."

"Betri hizi huvimba zikigongwa. Nani ameangusha ndege hivi karibuni?"

"Kapteni, mwenyekiti wetu. Yule anayewafundisha wanafunzi ndege kwenye ile shule iliyoungua stoo. Wiki tatu sasa. Ilichimba pua ardhini."

Jumatatu saa nne asubuhi walimkuta Kapteni kwenye kibanda cha klabu, kando ya uwanja. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Sajenti alisimama mlangoni.

"Yule mzee alikuwa kama kaka yangu," Kapteni alianza. "Tangu saa nane kasorobo nilikuwa hapa. Waulizeni watu kumi na wawili."

"Nimewauliza, na wote wameafiki," Majivu alisema. "Ila moto wa betri iliyovimba haumhitaji mtu awepo. Unaichomeka, unaondoka zako, yenyewe inaiva taratibu. Ndege yako hutumia betri gani?"

"Seli tatu. Imo kwenye orodha."

"Itie."

Aliitia. Tundu la betri lilikuwa pana. Ilicheza humo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

"Sasa iweke juu ya vidole viwili."

Kapteni hakusogea. Majivu aliichukua mwenyewe, akaiinua kwa ncha za vidole chini ya mabawa. Mkia ulishuka polepole mpaka ukagusa meza. Akafungua mkoba wake, akatoa betri ya seli nne aliyoazima kwa fundi cherehani, akaisukuma tunduni. Ilikaa kama imezaliwa humo. Akaiinua tena. Ndege ilitulia hewani, haiinami mbele wala nyuma.

Majivu aliishusha mezani.

"Betri yake halisi ilivimba ndege ilipoanguka," Majivu alisema. "Jumamosi saa saba na nusu uliiingiza kwenye karakana. Chaja ya mzee uliitoa kijumbani, ukaichomeka pale mezani."

Kapteni aliketi. "Aliokota chaja yangu jalalani kule shuleni," alisema, sauti imeshuka. "Akaipasua, akajua niliiacha inachaji betri mle stooni, nikaenda kunywa chai. Chai tu, afande. Nina miaka ishirini na sita ya ualimu. Nilitaka ile chaja yangu iungue, ushahidi upotee, basi. Ilikuwa rafuni, juu ya meza. Nilidhani ametoka."

"Ndara zake zilikuwa kizingitini. Uliziruka kuingia, ukaziruka kutoka."

Kapteni alifunika uso kwa mikono.

"Alikuwa anakoroma," alisema.

Sajenti alimtia pingu.

Jioni ile Majivu alirudi kwa dada wa marehemu, akamweleza yote. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza swali moja.

"Aliamka?"

Majivu angeweza kusema hapana. Wengi husema hapana.

"Aliamka, mama. Tulimkuta karibu na mlango wa kijichumba. Moshi ule ni sumu, haukumchelewesha."

Dada aliinuka, akaitoa mezani sufuria ya Jumamosi.

Mlinzi wa shule aliachiwa Alhamisi. Ijumaa, siku ya mazishi, mtu aliyekonda alisimama nje ya lango, shati lake bado na mikunjo ya stoo ya gereza, asijue aingie au aondoke. Waombolezaji walimtazama. Hakuna aliyemfahamu.

"Nimekuja kumzika," alimwambia dada wa marehemu alipomfuata. "Sikuwahi kumwona, mama."

Mama yule alimshika mkono, akamwongoza katikati ya watu mpaka mbele, palipokaa ndugu, akamketisha kwenye kiti kilichokuwa kando yake.