Mchumba Asiyekaa

Mwisho wa mwezi soko la Kilombero, hapa Arusha, halina adabu. Unakanyagwa, unaombwa samahani na mtu ambaye keshakukanyaga tena, na spika ya muuza dawa ya panya inakupigia kelele sikioni. Hapo hapo, kwenye meza ya vipuri vya cherehani, mikono miwili ilishika pedali moja.

"Kaka, niachie. Nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona kwanza, dada, lakini mimi ndiye niliyeishika kwanza."

Dada mwenyewe alikuwa Sia, fundi nguo wa Kijenge. Alivaa gauni la kitenge cha njano alilojishonea, limembana kiunoni likafunguka chini, na futi kamba ikining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua kazini. Kaka aliitwa Lerionka. Mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, amesimama wima kama askari wa gwaride.

"Una cherehani gani?" Sia aliuliza.

"Sina cherehani."

"He! Sasa pedali ya umeme ya nini? Unataka kuendesha punda?"

"Kompyuta."

Sia alicheka mpaka muuzaji naye akaambukizwa. "Kompyuta siku hizi zinakanyagwa?"

"Yangu inakanyagwa. Mkono ukichoka kubofya, mguu unapokea. Naifungua tu, nabadilisha waya, basi. Na wewe?"

"Yangu imeungua, na sare za kwaya zinanisubiri."

Lerionka akaiachia papo hapo. "Chukua. Kwaya ya watu isiende kuimba uchi kwa ajili yangu."

Sia alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, sasa ugomvi umekosa mtu. Alibaki ameishika ile pedali. Ndipo muuzaji akainama chini ya meza akatoa nyingine. "Ninazo mbili," alisema. "Nilitaka kwanza nione mnafika wapi."

Walifika mbali. Kabla ya wiki kuisha, simu zilikuwa hazipoi.

"Haloo, Fundi wangu."

"Injinia! Umeamkaje?"

"Kama mlango wenye kutu. Sasa hivi nimeshafunguka."

"Umezeeka wewe. Muombe babu yako fimbo."

"Babu anaitumia mwenyewe."

Sia akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani hata kidogo.

Walipokutana mjini, karibu na Mnara wa Saa, Sia alikaa mezani na chai yake ya tangawizi. Lerionka akaegemea ukuta na kikombe mkononi.

"Kaa basi, mpenzi. Shingo inaniuma kukuangalia."

"Nimekaa tangu asubuhi, Fundi. Acha ninyooshe miguu."

"Kila siku unanyoosha miguu! Watu watadhani wewe ni mhudumu, wakuagize supu."

"Wakiniagiza nitawaletea, nipate hela ya kukununulia kitenge."

Alijua kumchekesha, hilo sina ubishi nalo. Lakini Sia alirudi nyumbani na kijiba moyoni. Mwanaume asiyekaa chini, asiyekualika kwake, huyo ana safari yake. Pengine ana mke huko Moshono anakoishi. Pengine anasubiri tu mwingine apite.

Mimi nitawaambia kilichokuwa Moshono, maana Lerionka mwenyewe alikula yamini kutokisema. Palikuwa na chumba kimoja na godoro sakafuni. Juu ya godoro, skrini imening'inizwa kwenye boriti kwa mkono wa chuma, inamtazama aliyelala. Kibodi ameikata vipande viwili kwa mikono yake, kimoja pajani huku, kingine pajani kule, ili mabega yasikunjwe. Pedali kwenye unyayo. Chupa ya maji ya moto chini ya kiuno, na fimbo ya kuinukia pembeni. Hivyo ndivyo alivyotengeneza tovuti za watu wa utalii, na hivyo ndivyo alivyocheza na kompyuta chakavu za watu mpaka zikafufuka. Vidole vikigoma, alizungumza: alikuwa na programu inayosikia maneno na kuyaandika, na ameifundisha mwenyewe Kiswahili cha Arusha, jioni baada ya jioni, kwa subira ya ajabu.

Mgongo ulianza kumshika akiwa chuoni. Madaktari waliupa ugonjwa jina refu la Kizungu na dawa fupi. Kutembea kunamsaidia, kusimama anavumilia, kukaa kitini ndiko kunakomuua. Jackline, mchumba wake wa zamani, alimkuta siku moja sakafuni hawezi kugeuka, akamwambia waziwazi, "Mimi siwezi kuolewa na babu wa miaka thelathini." Akaondoka. Toka hapo Lerionka aliapa hakuna mwanamke mwingine atakayemwona chini. Na sasa alikuwa anamtaka Sia awe mke wake. Niambieni, mtu ataoa vipi bila kuonekana amelala?

Mzee Ndesanjo, baba yake Sia, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi na mtu wa maneno machache, ndiye aliyesukuma mambo.

"Huyo kijana wako aje Jumamosi na mzee wake. Asipokuja, sitaki kumsikia tena hapa nyumbani."

"Atakuja, baba," Sia alisema.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Meru imeshuka mpaka mabatini. Ijumaa Lerionka aliamka mgongo umefungwa kabisa. Simu ikaita mchana: Fundi. Aliitazama mpaka ikakatika. Angepokeaje? Sauti ya maumivu haifichiki, na Sia si mtoto. Akafumba macho, akaiambia kompyuta iandike meseji. Siku zote alimwita Fundi, lakini leo ni jambo la heshima, basi akaanza na jina lake.

"Sia, ntakuja Jumamosi. Usiwe na wasiwasi. Waambie wazazi wasihangaike na chakula kingi. Tuma."

Hakufungua macho kuisoma. Angeisoma, nisingekuwa na hadithi.

Kule Kijenge, Sia alisimamisha cherehani, akafungua simu.

"Sitakuja Jumamosi. Usiwe na wasiwasi. Waambie wazazi wasihangaike na chakula kingi."

Alisoma, akarudia. Yaani hata samahani hakuna? Usiwe na wasiwasi! Na chakula ameshakifikiria kabisa, mshenzi huyu! Alizima simu, akaitupa kwenye kapu la vipande vya nguo, akalia huku ameinamia sare za watu. Jioni alifika nyumbani kwa wazazi wake, Themi, macho yamevimba.

"Mama, haji."

Mama yake, Mama Kandida, alimkumbatia. "Mshukuru Mungu amekuonyesha mapema, mwanangu."

Lerionka naye alipiga simu jioni ile, ikawa haipatikani. Akajiambia wanawake wako jikoni, simu ya nini. Mwanaume akipenda hujipa majibu yeye mwenyewe.

Jumamosi mgongo ulilegea kidogo. Alivaa suti ya kijivu, akampitia baba yake mdogo, Mzee Yiamat, aliyeshuka kutoka Ngaramtoni na blanketi jipya, sukari na dumu la asali. Wakabisha hodi Themi. Geti lilifunguliwa na Mama Kandida, khanga kiunoni, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mama," Lerionka alisema.

"Marahaba... Lakini jamani, si mlisema hamji?"

"Nani amesema?" Mzee Yiamat alimgeukia kijana wake.

Mzee Ndesanjo akatokea migombani na gambuti zenye tope. "Mama Sia, kina nani hawa?"

"Ndio wale waliosema hawaji."

"Mbona wamekuja?"

"Hata mimi nashangaa, meku," alisema, akimwita mumewe mzee kwa Kichaga chao.

Wageni hawafukuzwi getini. Waliingizwa sebuleni, ambako makochi yalikuwa yamevuliwa vitambaa, yamebaki sponji tupu. Mzee Yiamat alikaa. Mzee Ndesanjo alikaa. Lerionka akasimama.

"Kaa, kijana."

"Mzee, naomba nisimame."

"Jana umesema huji. Leo umekuja. Na sasa hutaki kukaa kwangu. Mimi nikueleweje?"

Sia alitoka chumbani, nywele nusu zimesukwa, simu mkononi. Hata salamu hakutoa. Alisoma ile meseji kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye 'chakula kingi'.

Lerionka aliinyoosha shingo kuitazama, jasho likamtoka. "Mungu wangu. Sia, ile ni mashine imeandika! Mimi nilisema 'Sia, ntakuja'. Sijawahi kuitajia jina lako, kila siku nakuita Fundi. Imesikia 'sitakuja'!"

Mzee Yiamat aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Lakini Mzee Ndesanjo hakucheka.

"Mdomo unao, kijana. Binti alikupigia. Kwa nini usipokee, ukampa mashine kazi ya kusema?"

Maumivu yalikuwa yamempanda Lerionka kutoka kiunoni mpaka kwenye meno, na miguu ilianza kumcheza ndani ya suruali ya suti. Alimtazama Sia. Akaona heri aaibike kuliko kumpoteza kwa uongo mwingine.

"Sikupokea kwa sababu angesikia ninavyoumwa," alisema. "Mzee, naomba ruhusa nilale chini. Siwezi kukaa, na sasa hata kusimama siwezi."

Hakungoja ruhusa. Alishika ukingo wa kochi, akashuka taratibu, akalala chali kwenye zulia la baba mkwe mtarajiwa, na suti yake. Akaisema yote akitazama dari: ugonjwa, godoro, skrini ya kwenye boriti, asubuhi za kutu, Jackline. Hakuruka kitu.

"Ruwa wangu! Mungu wangu!" Mama Kandida alishika kifua. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu!"

Sia alikuwa analia, na hasira zake hazijaisha. "Miezi yote hii, Leri! Nilidhani unasimama kwa sababu una haraka ya kuniacha. Nimekuwazia wake watatu! Kumbe ulikuwa unaumia mbele yangu, nami nakutania!"

"Nilipenda ulivyonitania."

"Nyamaza!" Aling'oa sponji ya kochi, akapiga magoti. "Inakaa wapi? Chini ya magoti au kiunoni?"

"Chini ya magoti."

Akaisukuma, akairekebisha, akamtazama usoni mpaka alipoona pumzi imemshuka.

Mzee Ndesanjo alikohoa. "Ugonjwa huo unapona?"

"Hauponi, mzee. Kuna siku unalala, kuna siku unaniamsha. Kazi nafanya, najilisha, kodi nalipa. Lakini siku nyingine Sia atanikuta hivi hivi. Sitaki kukudanganya."

"Na unataka nimtoe binti yangu akauguze?"

Lerionka aligeuza uso, akamtazama Sia.

"Sawa," Mzee Ndesanjo alisema mwishowe. "Kwetu baba hajibu kabla ya binti. Sia, simama."

Sia akasimama, akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja. Aliijua desturi, na kila mtu sebuleni aliijua. Mzee huuliza swali moja tu, na binti akikana, wageni huondoka na blanketi lao.

"Binti yangu, mgeni huyu unamfahamu?"

Sia aligeuka. Alimwangalia yule mtu aliyelala pale na suti yake ya kijivu, mikono kifuani, amemkodolea macho, anaogopa kama mtoto.

"Baba, kwa kweli, mpaka jana nilikuwa simfahamu," alisema. "Leo namfahamu."

Mama Kandida alipiga kigelegele, povu la sabuni bado limemkaukia kwenye viwiko.