Baiskeli Nyeusi ya Phelesia

Siku Phelesia alipofariki, baiskeli nne za kike zilikuwa zimeegemea ukuta wa nyumba yake Homa Bay, zikisubiri rangi. Baada ya mazishi bintiye, Lynnet, alizipaka mwenyewe, akawauzia walimu na wauguzi. Ndiyo kazi aliyomwachia mama yake: kununua baiskeli kuukuu, kuirekebisha, kumuuzia mwanamke anayetaka kupanda na sketi yake. Ya tano, ile nyeusi aliyoiendesha Phelesia mwenyewe, hakuiuza.

Miezi michache baadaye, siku ya soko Awendo, Lynnet alishika usukani wa baiskeli iliyokuwa ikiuzwa na mama mmoja. Mkono mwingine ukashika kiti. Ulikuwa wa Zablon, fundi wa Migori, Mkuria mrefu aliyevaa ovaroli yenye madoa ya rangi. Mwenye mali akasema atamuuzia anayejua kuipanda. Lynnet alikusanya gauni lake la kitenge cha kijani, akaipanda, akazunguka lori la miwa huku watu wakimpisha, akarudi.

"Nimeshindwa," Zablon alisema. "Lakini breki hazishiki, mrembo wangu, jaber. Nani atakurekebishia?"

"Hicho Kijaluo umefundishwa na nani, wewe Mkuria?"

"Na soko."

Alimrekebishia. Simu zikaanza kati ya Migori na Homa Bay, kwanza za minyororo na matairi, kisha za kuulizana kama umekula. Lynnet alipomwamini kabisa, alimpelekea baiskeli nyeusi. Fremu yake ilikuwa na ufa chini ya kiti.

Zablon alitaka kumfurahisha. Aliichomelea bomba la juu kama la baiskeli za wanaume, jinsi alivyozoea kufanya kwa za kike zilizokosa wanunuzi. Sasa ilikuwa imara, hata gunia la mahindi ingebeba. Lynnet alilipapasa lile bomba.

"Mama angeipandaje hii?"

"Lynnet, mama hayupo. Nilifikiria niiendeshe mimi, wewe nikubebe nyuma."

Lynnet aliisukuma baiskeli hadi stendi bila kumtazama. Kwa wiki kadhaa hakupokea simu yake.

Zablon aliacha kuchomelea mabomba. Wateja wanaume wakamwambia atafunga kazi, naye akawajibu watafute fundi mwingine. Jumamosi moja aliingia soko la Homa Bay akiendesha baiskeli ya kike, nyekundu, yenye kikapu mbele. Watu wa bodaboda wakashika mbavu.

"Fundi, umeolewa lini?" mmoja aliuliza.

"Bado. Ndiyo naenda kuuliza."

Lynnet alikuwa akijaza upepo gurudumu. Alijizuia asicheke, ikamshinda.

"Nilikosea," Zablon alisema. "Niliirekebisha kama ni yangu. Nikilikata lile bomba utanisamehe?"

"Na ufa?"

"Nitauziba peke yake. Lakini itabaki na kovu."

"Ibaki nalo." Lynnet alifunga kifuniko cha upepo. "Na hilo la kuolewa, ungeniuliza mimi, si watu wa bodaboda."

Zablon akamuuliza, amepiga magoti kwenye vumbi la soko. Lynnet alimwambia ainuke, alete wazee wake.

Siku hizi Lynnet hununua, Zablon hurekebisha, na Jumamosi huuza pamoja Homa Bay. Lile bomba lilikatwa, na Lynnet huja sokoni na baiskeli nyeusi yenye kovu chini ya kiti. Wazee wanakuja Desemba. Mahari itapokelewa na shangazi yake Lynnet, Teresa, badala ya mama.