Pipa Kubwa la Kinyozi

Jamani, kila mmoja wetu ana jiko, na kila jiko lina taka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba habari hii haimhusu.

Alasiri moja ya Jumapili, nyumba ya kinyozi ilikuwa imetulia tuli. Mkewe, mshonaji ambaye mikono yake ndiyo iliyolisha nusu ya nyumba ile, alikuwa dirishani akipinda sare za shule. Mama yake kinyozi alisinzia kitini. Kinyozi alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, roho yake kwatu, akiitazama ile mikono inavyoongoza kitambaa chini ya sindano. Alipenda sana kuitazama.

Ndipo mdogo wake, fundi gereji aliyeitwa Bonge kwa ajili ya mwili wake, akaingia jikoni na maganda ya machungwa. Ndoo ya taka ilikuwa imefura. Bonge akayaweka maganda juu, akakunja ngumi, akashindilia.

"Imejaa hiyo. Itoe," kinyozi alisema.

"Haijajaa. Si umeona imeingia?"

Hapa nieleze kidogo. Mama yao aliwahi kuweka sheria, kwa nia njema kabisa, kwamba anayeikuta ndoo imejaa ndiye anayeitoa. Tangu siku hiyo ndoo haikujaa tena katika nyumba ile. Kila mtu alishindilia, kwa ngumi, kwa kiganja, hata kwa kisigino cha kiatu, akamwachia mwenzake. Na ni watu wazima hao, wenye ndevu.

Kinyozi akainuka. Alimshika mdogo wake ukosi, akamsukumia uso kwenye ndoo.

"Inuse, halafu uniambie haijajaa."

Bonge akageuka na ngumi. Kifuniko kiliruka, jino likamng'oka kinyozi, taka zikatapakaa, nao wakagaragara humo humo wakikabana koo mpaka mama alipoamka na kuwacharaza wote wawili kwa mwiko.

"Kesho mtu akanunue ndoo nyingine," alisema akihema. "Mtaniua ninyi."

Kesho yake dukani, mshonaji alichagua ndoo ndogo, ya kukanyaga kwa mguu ndipo kifuniko kifunguke.

"Hii inatutosha, mume wangu. Itajaa kila siku, na kila siku itatolewa. Tena mtu hagusi taka kwa mkono."

"Hiyo ni ya watu wanaokula kwa kuonja," kinyozi akacheka. Akanunua pipa la plastiki lililomfika kiunoni, lisilo na kifuniko. "Mwezi mzima hatugombani."

Kweli, siku za mwanzo hawakugombana. Lakini huko chini vitu vilikuwa vinaoza. Maji meusi yalivuja sakafuni, funza wakapanda ukutani, na pipa likawa zito, halibebwi na mtu mmoja. Ikawa kila mmoja akimwomba mwenzake msaada, mwenzake ana kazi. Mwisho mteja wa mshonaji alikuja kupima gauni, akaziba pua, akaondoka na kitambaa chake.

Mama alikuwa sokoni. Kinyozi akamwita mdogo wake, damu ikimchemka.

"Shika upande huo tulitoe."

"Pipa umelichagua wewe, kaka. Libebe wewe."

Kinyozi alinyakua chupa ya soda, akaipasua kwenye fremu ya mlango, akamwendea nduguye na kipande kilichobaki mkononi. Alilenga uso. Bonge alikinga kwa stuli, kisha akaizungusha, ikampasua kinyozi juu ya jicho. Mshonaji alijitupa katikati, akasukumwa, akajibamiza mgongo ukutani.

"Mnauana kwa sababu ya maganda ya viazi?" alilia.

Bonge akatoka akitukana. Mshonaji akaenda chumbani kujilaza. Kinyozi, huku damu ikimtiririka machoni, akafagia vigae vya chupa harakaharaka mama asije akavikuta. Akavimwaga pipani hivyo hivyo, bila hata gazeti, akavifunika kwa majani ya chai. Alijiambia kwamba pipa angelitoa kesho.

Asubuhi mama alikuwa akimenya viazi.

"Jicho limekuwaje?"

"Niliteleza bafuni," kinyozi alijibu, amesimama mlangoni.

Mshonaji akayazoa maganda, akayaweka pipani. Pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Akakunja mkono wa nguo. Kinyozi akafungua mdomo. Lakini akisema, mama atajua habari ya chupa, atajua na uongo wa bafuni. Pengine hatashindilia sana, aliwaza. Akaufunga.

Mshonaji alishindilia kwa uzito wake wote, kama walivyofanya wote katika nyumba ile.

Ukelele wake ulisikika hadi barabarani. Kiganja kilitoka kimepasuka tangu gumba hadi kifundo, damu ikirukia viazi vyeupe kwenye sufuria. Bonge, aliyekuwa uani, ndiye aliyembeba shemeji yake na kumkimbiza hospitali.

Daktari hakuzunguka. Kano zimekatika na uchafu umeingia. Kidonda kitapona, ila gumba na kidole cha shahada havitashika sindano tena.

"Amekatwa na nini?" Bonge aliuliza koridoni.

Kinyozi akamwambia. Bonge alimpiga pale pale, ngumi juu ya ngumi, mpaka akaanguka chini. Kinyozi hakuinua mkono. Mama yao aliketi kwenye benchi akatazama pembeni, hakuwaamulia.

Mshonaji aliporudi nyumbani, pipa halikuwepo. Pale jikoni ilikuwepo ile ndoo ndogo aliyoichagua. Aliikanyaga, kifuniko kikafunguka. Akauondoa mguu, kikajifunga. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nilikuona mlangoni. Ulifungua mdomo. Ulitaka kusema nini?"

Kinyozi akainama kuitazama ile ndoo.

"Shemeji," akamwita Bonge, "nibebee cherehani yangu."

"Unaipeleka wapi?" kinyozi aliuliza.

"Kwa dada yangu. Yeye ana mikono."

Cherehani ikatoka, naye akaifuata.

FUNZO

Ndugu zangu, chagueni ndoo ndogo yenye kifuniko, na muitoe kila siku, ijae isijae. Chupa ikivunjika, ifungeni kwa gazeti zito au itieni ndani ya kopo, na kila mtu wa nyumba aambiwe. Taka zisishindiliwe kwa mkono, na kazi ya kuzitoa isiwe adhabu ya mmoja. Na wewe unayejua kilichomo pipani, sema, hata kama utaaibika mbele ya mama yako. Aibu ya kinyozi ingekwisha kabla ya viazi vile kuiva.