Mvua ya Mawe Ndani ya Kompyuta

Jioni ile nilibakiwa na kazi moja tu: kuzima kompyuta, nikanunue mafuta ya taa. Ilikuwa Isingiro, mwaka tisini na tano. Mimi Xaveria nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya misaada, na mdomo wangu, kila mtu anajua, haujawahi kukaa na siri. Ndiyo maana niliiamini mashine kuliko mdomo.

Mchana, Speciose, kibarua wa mashamba ya kahawa, alinieleza alikomficha bintiye, Immaculata. Mtoto aliwaona waliomuua baba yake, nao walikuwa wakimsaka wammalize. Niliandika ili wakubwa wetu wa Bukoba waje kumchukua. Nikachapisha karatasi moja, akaificha kifuani, akaenda nayo. Kwenye disketi sikuweka kitu.

"Nikizima, dada yangu, maneno yanakufa hapohapo," nilimwambia Speciose kabla hajaondoka.

Niliapa kabisa, jamani!

Nikazima kompyuta, kisha jenereta. Papo hapo mvua ya mawe ikashuka. Ta! Ta! Ta! Bati likalia hadi masikio yakaziba.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa mzee mwenye koti refu na kapu mkononi. Mawe yalikuwa yakimiminika nyuma yake, lakini koti lake lilikuwa kavu.

"Shikamoo, mzee."

"Mvua imenikamata, mama," akanong'ona.

Kwetu mgeni aliyekamatwa na mvua hafukuzwi, wala hakai bila kupewa kahawa ya kutafuna. Nikaingia chumba cha nyuma kuitafuta, nikamwacha na mashine. Mjinga mimi! Adabu zangu ndizo zilizoniponza.

Kwanza ikaja harufu... udongo wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Kisha sauti.

Krrr... krrr...

Nikachungulia. Alikuwa ameifungua kompyuta ubavuni, anachota mawe ya mvua kapuni na kuyajaza ndani taratibu, kama anayelisha mtoto mgonjwa.

"Usisahau..." alikuwa akiinong'oneza. "Usisahau kwanza..."

Skrini ikawaka.

Jenereta lilikuwa kimya.

Herufi zikaja zimekatikakatika. *Imm... lata... Kibing... kwa bibi Kokuh...*

Kahawa ikanidondoka. Akageuka, akatabasamu.

"Umeandika vizuri, mama." Akatoka.

Nikakamata baiskeli ya ofisi, nikaikanyaga hadi Kibingo. Nilianguka kwenye matope, nikaamka, nikaanguka tena. Nilikuwa nalia kwa sauti. Kama yule mtoto angekufa, ningekuwa nimemuua mimi.

Bibi Kokuhirwa alinifungulia.

"Mtoto yupo?"

"Amelala. Kwani kuna nini, mwanangu? Hawa mbwa wanabweka tu, wanatazama migombani..."

Sikutazama huko. Nilimbeba Immaculata mgongoni, tukatokea mlango wa jikoni. Nilikompeleka sikumwambia hata bibi. Mama yake tu nilimnong'oneza, naye Speciose alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu. Sasa tumebaki mimi na waliomlea, na hao hawajui ni mtoto wa nani. Ana jina jingine. Mimi mropokaji, siri hiyo nimeishika miaka minne.

Fundi Desderius alipokuja kutengeneza mashine nilimuuliza.

"Memori, yaani kumbukumbu ya mashine, ikipozwa sana," akasema, "maneno huchelewa kufa."

"Na umeme je? Jenereta lilikuwa limezimwa."

Akafunga begi lake, akaondoka bila hata kunywa chai.

Tangu hapo, kila inaponyesha mvua ya mawe, majirani huniambia kuna mzee amepita kuuliza: yule mama mpiga chapa, bado mzima?

Sasa naumwa ugonjwa wa moyo. Juzi nimemwambia mwanangu Melkiory: nikifa, nizikeni siku hiyohiyo, jua likiwa kali. Msisubiri ndugu wa Muleba. Kwenye friji ya mochwari msinilaze, hata kwa saa moja.

Akacheka. "Ee mama! Maiti naye anaogopa baridi?"

Immaculata bado yumo humu kichwani mwangu.