Kipimo cha Fanus Olckers

Hester Kitshoff alishusha mkono wa kile kipimo mara kumi, na mara zote kumi mizani ikasema punje thelathini na nane, punje ikiwa uzito mdogo kabisa wanaopimia wajazaji wa risasi. Haikuzidi, haikupungua. Thelathini na nane kamili.

Mtu asiyejaza risasi nyumbani kwake atauliza, sasa ubaya uko wapi? Aelezwe. Baruti ya bunduki ni vijiti vyeusi vidogo kama majani ya chai, na kipimo ni chombo cha shaba chenye chupa ya baruti juu na mkono ubavuni. Ukipandisha mkono, tundu la ndani linajaa. Ukishusha, linamwaga kwenye kisahani. Lakini vijiti havilali namna moja. Mara vinajipanga vizuri, mara vinapishana, mara kimoja kinakwama mlangoni kinakatwa, krr. Kwa hiyo kila mmwago unazidi au unapungua kidogo, na mjazaji mwenye akili hukitega kipimo kipunguze, kisha huongeza kijiti kimoja kimoja kwa ncha za vidole mpaka ulimi wa mizani utulie. Hester alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Kwake, kipimo kisichokosea ni kama mume aliyeacha kukoroma ghafla: mke mwenye busara huwasha taa amtazame.

"Mzee," aliita. "Njoo uone."

Lourens, mumewe, akaja na kikombe cha kahawa, anachovya biskuti ngumu. "Nini? Panya tena?"

"Mara kumi. Sawasawa zote."

"Ulitaka zikosee?" Lourens akacheka, makombo yakimdondoka kwenye sweta. "Wewe mwanamke, hata mbinguni utamuuliza Petro kwa nini bawaba za lango hazilii."

"Funga mlango, upepo unaingia kwenye mizani."

"Ndiyo, bosi."

Kipimo chenyewe walikipata Jumamosi kwenye mnada wa shamba la marehemu Fanus Olckers. Huko Karuu, nyika kavu ya kusini mwa Afrika, mtu akifa bila mtoto wa kumrithi, majirani hukusanyika uani kwake, wakala soseji zake, kisha wakaondoka na vyombo vyake. Hester alipata boksi zima la zana za kujazia, na kipimo kikiwa bado na baruti nusu chupa. Kila mjazaji anajua la kufanya na baruti ya chupa ya mtu mwingine: unaimwaga kwenye maua, hata kama ni ya mtume. Lakini Hester alikuwa mkono wa birika. Aliinusa, akaona kavu, rangi na umbo vilevile kama ile yao, akaongezea ya kwake juu yake akakoroga. Alijiambia hakuna aliyemwona.

Na usawa waliuhitaji. Majira ya baridi Lourens huwapigia swala wanunuzi wa nyama, na wanunuzi hao hawapokei mnyama aliyepigwa popote ila kichwani. Baruti ikizidi au ikipungua, risasi inapanda au inashuka vidole vitatu, na swala anakimbia bila taya akafie mbali kwa kiu. Lourens aliwahi kumwona mmoja wa namna hiyo siku ya tatu. Tangu hapo kazi ya kupima alimwachia mkewe, na mkewe hakumwangusha.

Juma lile alipiga swala sitini. Sitini, vichwa sitini. Wanunuzi walimpigia simu kumsifu, naye akatembea jikoni kifua mbele kama jogoo wa maonyesho.

Juma la pili hakunyoa ndevu. Halikuwa jambo la uvivu. Hapakuwa na cha kunyoa.

"Uzee," alisema.

"Uzee huotesha ndevu hata kwa wanawake," Hester alijibu. "Mtazame dada yako."

Lakini hakucheka. Chumba cha kujazia kilikuwa kimeanza kunuka. Harufu yenyewe aliijua, ile ya ndama anapochomwa pembe. Alitafuta chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya buti za Lourens, asione kitu. Tena kulikuwa na jambo la mizani. Saa nane mchana, upepo wa Karuu unapolala, Hester hufunga dirisha na mlango, akaziba hata upenyo wa chini kwa taulo, maana mizani ile huhisi hata pumzi ya mtu. Siku moja, saa hiyo, kisahani kilikuwa kitupu. Ulimi ukapanda polepole. Ukashuka polepole. Ukapanda. Hester akabana pumzi yake mpaka masikio yakamvuma, na ulimi uliendelea kupanda na kushuka vilevile, taratibu, kama vile mtu aliyeinama upande wa pili wa meza, uso wake karibu kabisa na kisahani, alikuwa akitazama na kupumua.

"Nani?" alinong'ona.

Ulimi ukasimama.

Hapo ndipo alipochukua lenzi anayosomea Biblia, akamwaga baruti ya mmwago mmoja juu ya karatasi nyeupe. Vijiti vyeusi vilikuwa vingi. Katikati yake vilikuwamo vya rangi nyingine, vimekatwa kwa urefu uleule, kwa unadhifu uleule. Vya kijivu vilikuwa ndevu. Vile vyeupe vilivyopinda alivitazama muda mrefu, kisha akaenda sebuleni, Lourens alikolala kwenye kiti baada ya chakula, akamwinua mkono. Kucha zilikuwa zimeisha hadi kwenye nyama, laini, kama zimepigwa msasa. Mdomo wake ulikuwa wazi usingizini, na jino la nyuma, ambalo asubuhi lilikuwapo, halikuwapo.

Alimpigia simu mjane wa Olckers.

"Magriet, Fanus alikufa kwa ugonjwa gani?"

Saa ya ukutani ilisikika upande ule wa pili.

"Magriet!"

"Kwa wembamba," mjane akasema kwa sauti ya chini. "Daktari aliandika jina refu, lakini ilikuwa ni wembamba tu. Dada Hester, usiseme umekitumia kile kipimo."

"Ungeniambia pale mnadani!"

"Ungeniamini? Wewe, uliyeniambia mbele ya watu kwamba hata keki yangu ina uongo ndani?"

Ile keki kweli ilikuwa ya dukani.

"Alikuwa mtu wa mashindano ya shabaha," Magriet aliendelea, akinong'ona kana kwamba simu nayo ina masikio. "Kila akishindwa alilaumu kipimo. Siku moja akapiga meza ngumi, akasema atampa yeyote chochote, mradi kila mmwago uwe sawa. Kuna aliyemsikia. Kilichobaki uani kwangu nilitaka kitoke, Hester. Nisamehe. Nilitaka tu kitoke."

Hester alikitia kile kipimo ndani ya gunia, akakitupa kwenye kisima kikavu. Alichukua kile chake cha zamani, cha kukosea kila siku, akakijaza baruti mpya kutoka mkebe uliofungwa dukani. Alishusha mkono. Thelathini na nane. Tena. Thelathini na nane. Akaacha kujaza kabisa, akafunga chumba na ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi, akiwa jikoni anakoroga uji, alisikia kupitia ukutani: krr, tok. Krr, tok. Alipofungua alikuta kisahani kimejaa, na vijiti vya rangi nyingine sasa vilikuwa vingi kuliko vyeusi.

Mchungaji alikuja, akaomba, akala vipande vitatu vya pai, akashauri Lourens apimwe damu. Akaondoka.

Ndipo Hester akafanya wanayoyafanya watu wa kwao wote mambo yakiwazidi, ingawa kanisani hawayasemi. Alimtafuta Mmalai, shehe wa kuagua majini. Wazungu wa Karuu huwacheka Waislamu hao wa Rasini, kule pwani, Jumapili, na Jumatatu huwatumia gari waje. Mzee Gasant alitoka mji wa Worcester, mwembamba, mwenye tarabushi nyekundu na koti la suti lililopauka mabegani. Alikataa kahawa. Aliingia chumba cha kujazia, akafunga mlango, akasoma kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, na nje bomba la maji lilikuwa limeganda kwa baridi.

"Nimemwamuru atoke kwa jina la Mwenyezi Mungu," alisema. "Hakunitukana. Ananijibu kwa adabu. Anasema, nimekosa nini?"

"Amekosa nini! Mtazame mume wangu!"

Lourens alikuwa kitandani, mlango wa pili. Mtu aliyebeba swala wawili begani sasa angebebwa kwenye beseni.

"Huyu jini ni fundi, mama. Aliahidi usawa, anatoa usawa. Mmwago ukipungua, anajazia."

"Kwa nini amchukue yeye? Mpimaji ni mimi."

"Anajazia kwa mwenye bunduki. Ndivyo alivyopatana na yule wa kwanza." Mzee akajifuta uso kwa leso. "Jini wa ahadi hafukuzwi akiwa anaitimiza. Hufukuzwa akiivunja. Nipatie mimwago miwili isiyolingana. Miwili tu. Atakuwa mwongo, na mwongo namweza."

"Na akijazia?"

"Kila jini ana mpaka wake. Mzidishie kazi mpaka aushindwe."

"Una hakika?"

Mzee Gasant alimtazama. "Sina."

Kutoka kitandani sauti ya Lourens ikaja, nyembamba, bila meno. "Fanya, mama. Pima vibaya. Pima kama mama yako alivyokuwa akipika."

"Mama yangu alikupikia miaka sita na ulinenepa, mkorofi wewe," Hester alisema.

Wakapatana: Mzee Gasant akae kitandani asome juu ya Lourens, Hester aende mezani peke yake.

Akafanya yote ambayo mjazaji hafanyi. Alipandisha mkono kwa pupa, akaushusha nusu, akautingisha. Thelathini na nane. Alifungua dirisha upepo ukapiga mizani. Ulimi haukutikisika, thelathini na nane. Alipiga chupa kofi, akainamisha kipimo upande, akaweka kipande cha karatasi mlangoni pa tundu ili baruti isipite, na kilichoanguka kikawa thelathini na nane, kikiwa kimechanganyika vipande vya rangi ya maziwa, na kutoka chumba cha pili akasikia Lourens akiguna kama mtu anayeng'olewa kitu bila ganzi, na Mzee Gasant akipandisha sauti ya kisomo. Akataka kuacha. Akawaza, akiacha, kesho asubuhi krr, tok itaanza yenyewe, na kesho kutwa, mpaka aishe. Na akiendelea huenda mmwago unaofuata ndio utakaoshindikana. Akaendelea. Harufu ya pembe iliyoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba macho yalimtoka machozi, na upande wa pili wa meza ile pumzi sasa aliisikia kwa masikio, ya haraka, ya mtu aliye kazini, asiye na chuki, anayejitahidi. Na kila Hester alivyopima vibaya zaidi ndivyo yule alivyojitahidi zaidi, na kila alivyojitahidi ndivyo mguno wa chumba cha pili ulivyozidi kuwa mdogo, mpaka Hester akaelewa kwamba alikuwa akimlisha mumewe mwenyewe kwenye kipimo, na kwamba kati ya kuacha na kuendelea hapakuwa na njia iliyosalia isipokuwa moja, akaiona wazi kabisa kama anavyoona mtu aliyechoka: atoe baruti yote, kipimo kiwe kitupu, maana pasipo kitu hapatoki kitu, na mmwago wa hewa hauwezi kamwe kulingana na mmwago wa baruti.

Akaing'oa chupa. Akaimwaga sakafuni. Akapuliza ndani ya tundu, akapangusa kwa kitambaa, akaliangalia kwa lenzi likiwa safi linang'aa.

Akapandisha mkono. Akaushusha.

Kisahani hakikubaki kitupu.

Vilikuwa vijiti laini, vyekundu, vyenye joto. Punje thelathini na nane si nyingi, hazijazi kijiko cha chai. Inategemea tu zimetolewa wapi.

Kisomo cha chumba cha pili kilikatika katikati ya neno. Hatua zikaja ukumbini, polepole, hatua za mtu asiye na haraka tena.

"Mama," Mzee Gasant akasema mlangoni, tarabushi mkononi. "Njoo. Acha hicho, njoo umfumbe macho."

Hester hakugeuka. Mkono wake, ambao kwa miaka thelathini na mmoja haukuacha mmwago bila kuupima, ulikuwa umeshakiweka kisahani kwenye mizani. Ulimi ukasimama pale pale. Upande wa pili wa meza mtu akashusha pumzi ndefu, ya kuridhika, halafu mkono wa kipimo ukapanda wenyewe, ukakaa juu, ukisubiri kuambiwa bunduki sasa ni ya nani.