Nadira Alisema Njoo

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia uani na kumvika mdogo wake Sufyan sare ya shule, Nadira alivuka kichochoro na kumgongea Mweri mlango. Nyumba zao zilitazamana huko Timbwani, Likoni, na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja. Upande huu palining'inia mabuibui ya mamake Nadira, upande ule aproni za Kaviha, shangazi yake Mweri, aliyefanya kazi ya usafi hotelini. Wasichana hao wawili walikwenda shule pamoja na kurudi pamoja, na mwenye kuchelewa alingojwa.

Mweri alikuwa mgeni. Alikuja mwanzoni mwa muhula kutoka kwao Kaloleni, akaingia gredi ya sita, darasa moja na Nadira. Hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na mbio. Kengele ya mapumziko ikilia, ukimtafuta mlangoni humwoni, keshafika bombani.

Mbio hizo ndizo zilizomfanya Nadira amtazame kwa jicho jingine. Nadira alikuwa nahodha wa timu ya kriketi ya wasichana, na mchezaji mmoja alikuwa amehamia Voi na wazazi wake. Timu ya kriketi ni watu kumi na mmoja. Wao walibaki kumi, na Jumamosi walikuwa wacheze na shule moja ya Chaani. Mshindi angekwenda Kilifi kwenye mashindano makubwa.

"Utacheza wewe," Nadira alimwambia Mweri.

"Mimi? Kriketi sijaiona hata kwenye televisheni."

"Nitakufundisha leo hii hii. Njoo kwetu."

Jioni hiyo Nadira alisimika vijiti vitatu vya kuni kwenye mchanga wa uani, akaenda hatua kadhaa, akasimika vitatu vingine. Ndimu ikawa mpira, mwiko wa ugali ukawa ubao wa kupigia. Mamake alikuwa barazani akimpaka bibi harusi hina, na hakuwa na habari nao.

"Vijiti hivi vitatu ndivyo nyumba yako," Nadira alianza. "Vile kule ni nyumba ya mwenzako. Sisi tukiwa zamu ya kupiga, tunaingia wawili wawili, mmoja kila upande. Wapinzani wote kumi na mmoja wanakuwa uwanjani. Mmoja anarusha mpira, mmoja anakaa nyuma ya vijiti, waliobaki wanatawanyika kuudaka."

"Kumi na mmoja kwa wawili? Huko si kuonewa?"

"Ndiyo raha yake! Mrushaji anataka kuangusha vijiti vyangu. Akiviangusha mimi ni auti, natoka, anaingia mwingine. Nikiupiga mpira juu, mtu akaudaka kabla haujagusa chini, ni auti pia. Lakini nikiupiga ukaenda mbali, mimi nakimbilia kwako na wewe wakimbilia kwangu. Tukifika salama, tumepata mkimbio mmoja. Akibaki mmoja hana wa kukimbia naye, zamu imekwisha, tunabadilishana nao. Mwenye mikimbio mingi ndiye mshindi."

Mweri alivitazama vijiti vya huku, akavitazama vya kule. "Yaani tunapishana tu? Hatuchukui kitu, haturudi na kitu?"

"Twachuma mikimbio, we Mweri!"

"Haya. Na wakiuokota mpira kabla sijafika?"

"Hapo ndipo penye balaa. Wakiangusha vijiti na wewe hujavuka mstari ulio mbele yake, umekwisha."

"Sasa mimi nitakuwa nakimbia. Nitajuaje kama kuna nafasi?"

Nadira alimshika mabega. "Sikiliza, hili ndilo kubwa. Anayepiga ndiye anayeuona mpira umekwenda wapi, basi ndiye anayeita. Nikisema njoo, wewe toka mbio. Usigeuke, usiniulize. Ukigeuka umechelewa. Nikiona hakuna nafasi nitasema rudi, nawe utarudi. Masikio yako yote kwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Ukisema njoo, ninakuja."

Mwisho Nadira alimweleza jambo alilolipenda kuliko yote. Mwamuzi wa kriketi, hata akiona kwa macho yake kwamba mpigaji ni auti, hasemi neno mpaka wapinzani wamuulize kwa sauti. Wasipouliza, ananyamaza na mchezo unaendelea.

"Hata kama ameona?" Mweri alishangaa.

"Hata kama ameona. Hajaulizwa."

Mweri alicheka. "Mchezo wenu una vituko."

Jumamosi jua lilikuwa kali na uwanja wa changarawe ya murramu ulichoma nyayo. Timu ya Chaani ilipiga kwanza, kisha ikawa zamu ya Likoni. Nadira alipiga vizuri sana siku hiyo, ubishi hapana. Lakini wenzake walitoka mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki yeye na mchezaji wa mwisho, ambaye ni Mweri. Ilihitajika mikimbio miwili tu washinde.

Mrushaji akaja, akarusha. Nadira aliupiga mpira ukaserereka upande wake wa kulia.

"Njoo!" alisema.

Hakupiga kelele, lakini Mweri alisikia. Alitoka kama alivyofundishwa, hakugeuka, hakuuliza. Nadira naye akapiga hatua mbili, na hapo akamwona msichana wa Chaani ameshauinamia mpira. Alipaswa kusema "Rudi!" Ni neno moja, halina uzito. Hakulisema. Aligeuka yeye peke yake, akarudi nyuma ya mstari wake, akatia ubao chini.

Mweri alipoinua uso alimkuta mwenzake amesimama nyumbani, hatoki. Akageuka arudi, lakini hata miguu ile haikuweza. Mpira ulikwishapiga vijiti alikotoka.

"Auti, mwalimu?" Chaani nzima ililia.

Mwalimu Pascalia, mwalimu wa michezo aliyekuwa mwamuzi upande ule, aliinua kidole. Mchezo ukaisha. Safari ya Kilifi ikaenda Chaani.

Watu wakishindwa humtafuta wa kumtwika lawama, na mgeni huwa karibu. Kulthum, msichana aliyetolewa kabla hajapata hata mkimbio mmoja, ndiye aliyeanza.

"Nani alikuita wewe? Unakimbia tu kama mbuzi aliyekata kamba!"

"Umetunyima Kilifi!" mwingine akadakia.

Mweri alimgeukia Nadira, akamtazama. Nadira aliinama kufungua vikinga vya miguu, vile mamake alivyowashonea kwa sponji ya godoro kuukuu. Kamba zake hazikuwa na fundo gumu, lakini Nadira alizifungua taratibu sana, moja moja. Mweri alingoja. Kamba zilipokwisha, Nadira aliokota chupa yake ya maji, akaondoka.

Jumatatu Mweri alikwenda shule peke yake. Darasani walishampa jina: Mbuzi. Akisimama kujibu swali, mtu nyuma alilia "mee," na darasa likacheka. Siku moja Nadira naye alijikuta anacheka pamoja nao. Kicheko kilikwisha kutoka, na Mweri alikisikia.

Wiki iliyofuata kiti cha Mweri kilikuwa kitupu.

Jioni moja mamake Nadira alikuwa uani akianua nguo kambani. Kaviha naye alikuwa upande wake akianua aproni. Walizungumza kwa sauti ya chini kitambo kirefu. Kisha mama akaingia ndani, hakuvua hata leso kichwani.

"Nadira!"

"Abee, mama."

"Njoo uani. Wataka nini na simu saa hizi? Njoo unifundishe huo mchezo wenu."

Nadira alidhani mamake anatania. Lakini alipomfuata nje alimkuta ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na mbele yake alikuwa amesimika vijiti vya kuni, vitatu huku na vitatu kule.

"Miezi yote nawashonea sponji za miguu, hata sijui mwazivalia nini. Haya, n'ambia. Hapa akaa nani?"

"Mpigaji mmoja. Na pale mwenziwe."

"Wafanya nini?"

"Mmoja akipiga mpira, wakimbia wapishane."

"Yupi asema kimbia?"

"Anayepiga. Yeye ndiye auonaye mpira."

"Na yule wa pili hautazami?"

"Hatakiwi kuutazama, mama. Akigeuka atachelewa. Amsikiliza mwenziwe tu."

"Kumbe!" Mama alichukua kijiti kimoja akakizungusha vidoleni. "Yaani ampa mwenziwe macho yake. Basi siku ile ya Chaani, aliyepiga mpira nani?"

"Mimi."

"Na aliyeitwa?"

Sufyan alikuwa akicheza na kifuniko cha sufuria, mama akamwashiria aende ndani.

"Nakuuliza, mwanangu. Mweri alikimbia mwenyewe, au aliitwa?"

"Nilimwita," Nadira alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilisema njoo. Halafu nikaona hakuna nafasi nikarudi. Sikumwambia arudi. Niliogopa, mama. Nilitaka mimi nisitoke."

"Na walipomwita mbuzi?"

"Hakuna aliyeniuliza! Wallahi, mama, hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni nani aliyeita. Hata mwamuzi hasemi mpaka aulizwe."

Mama hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mwamuzi hakumwangusha mtu, Nadira. Yule aweza kungoja swali. Wewe ndiye uliyeita. Mwenye kosa akingoja kuulizwa, kuna mtu mwingine analilipia muda wote huo. Wajua Kaviha amen'ambia nini? Mtoto hali. Asema arudishwe Kaloleni, huku watu hawamtaki. Na mimi nimesimama pale nikimhurumia, kumbe balaa latoka nyumbani kwangu."

Nadira alivuka kichochoro palepale, macho mekundu. Mweri ndiye aliyefungua mlango. Nadira alisema yote aliyokuja nayo, alisema amekosa, alisema kesho atawaambia wote.

Mweri alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilijua utasema," alisema. "Nilisema moyoni, labda leo ana haya, atasema kesho. Jumatatu nikangoja. Jumanne nikangoja. Kisha nikakusikia unacheka."

Mweri akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Kesho yake, baada ya masomo, Nadira alimwomba Mwalimu Pascalia aiite timu. Alisimama mbele yao akaeleza: mpira ulikwenda wapi, alisema nini, na lipi hakulisema. Alitarajia, akimaliza, wataona haya kwa waliyomfanyia Mweri. Hakuna aliyeona haya. Kulthum aligeuza ulimi wake uleule.

"Kumbe mbuzi ni wewe!"

Wakacheka, kama walivyokuwa wakimcheka Mweri. Mwalimu Pascalia aliwakatiza kwa ukali na kuwaambia kwamba yeyote atakayemwita mwenziwe mnyama tena ataiacha timu. Kisha akamgeukia Nadira. Amemvua unahodha, alisema, na atakuwa wa mwisho kuingia kupiga mpaka muhula uishe. Nadira aliitikia kwa kichwa. Moyo ulimuuma, lakini usiku huo alipata usingizi.

Mwalimu mwenyewe alikwenda Timbwani kuzungumza na Kaviha. Mweri akarudi shule. Jina la Mbuzi likafa, maana lilikuwa limekosa utamu. Wasichana walianza kumwita kwenye michezo yao, lakini wa kumwambia "tuwie radhi" hakupatikana. Asubuhi Nadira alisimama mlangoni kwao, akamwona Mweri anatoka nyumba ya mkabala. Walisalimiana, wakaenda njia moja, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Siku ya mazoezi Mwalimu Pascalia aliwaweka wapige pamoja, makusudi. Nadira aliupiga mpira ukaenda mbali, hadi karibu na uzio. Nafasi ilikuwa tele.

"Njoo!" aliita kwa sauti yake yote. "Njoo, Mweri!"

Mweri hakutoka. Aligeuka kwanza, akautafuta mpira kwa macho yake mwenyewe, akauona ulipo. Ndipo akakimbia. Alikuwa amechelewa, na vijiti vikaanguka kabla hajafika.

"Nilikuita!" Nadira alisema. "Safari hii nilikuita kweli!"

"Nilisikia," Mweri alijibu. Hakuwa na hasira. Alikaza kamba ya kikinga chake, akaondoka uwanjani.

Nadira alibaki amesimama na ubao mkononi, akilia waziwazi, bila kujificha. Mwalimu Pascalia alimjia, akauchukua ubao.

"Mwalimu, nilikwishasema ukweli. Nilisema mbele ya wote. Kwa nini bado haniamini?"

"Kwa sababu ukweli uliosema umemsafisha yeye jina, Nadira. Imani yake kwako ni kitu kingine, na hiyo hairudi kwa siku moja. Uliivunja kwa kunyamaza, sasa utaijenga kwa kuita. Utaita njoo pale penye nafasi, na rudi pale pasipo nafasi, hata kama anayetoka ni wewe. Utaita hivyo mazoezi haya na yajayo, naye hatakimbia. Wewe ita tu."

Akamrudishia ubao.

"Haya, rudi mahali pako. Mweri! Ingia tena."