Mgeni Aliyepewa Jembe

Salimu alipotea njia Dar es Salaam akiwa amekaa jikoni kwake Lukozi, kijijini milimani. Chama kilikuwa kimempeleka huko kwenye maonyesho ya Sabasaba kulinda kabichi za kijiji, ambazo hakuna mwizi aliyewahi kuzitamani, na tangu arudi, kila jioni alimtembeza mkewe Mwanaisha mji mzima kwa mdomo.

"Ukifika Mnara wa Saa unakata kushoto, unatokea Mnazi Mmoja..."

"Kulia," ikasema sauti ya mwanamke nyuma ya mlango.

"Enhe, kulia," Salimu akajirekebisha, kama mtu aliyezoea kurekebishwa.

Mwanaisha akafungua mlango. Ukungu mtupu, na harufu ya udi.

Tangu hapo Kariakoo ikawa inasimuliwa na watu wawili. Irente, alikomchumbia mkewe, Salimu sasa aliiita shimo lisilo na taa. Na kila ukungu ulipopanda Mwanaisha alisikia bangili zikilia jikoni, zikaingia chumbani, zikatulia upande wa kitanda anaolala yeye, na Salimu, macho kayafumba, akatabasamu tabasamu ambalo mkewe hakupewa tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe.

Akaenda kwa Bibi Tatu, mganga.

"Jini la pwani hilo, mwanangu," Bibi Tatu akanong'ona. "Limekuja kama mgeni. Lifukizie ubani, lipe kuku mweupe, ulisindikize mpaka njia panda."

"Nimsindikize? Anayenilalia kitandani?"

"Meza wivu kwanza. Mgeni hafukuzwi, husindikizwa."

Hakuumeza. Siku hiyo hiyo balozi wa nyumba kumi, Nathanaeli, ambaye hotuba zake zilikatishwa na mvua tu, alikuwa akihimiza kilimo: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Mwanaisha akaona dawa ndiyo hiyo. Mwanamke wa udi na bangili atauweza udongo wa Lukozi? Akaegemeza jembe lake mlangoni.

"Hapa hali mtu bure! Lima, au rudi kwenu!"

Harufu ya udi ikakatika. Akalala fofofo.

Alfajiri shamba la maharage lilikuwa limelimwa lote, matuta yamenyooka kama Barabara ya Uhuru. Mpini ulikuwa bado na joto la mkono. Salimu aliyatazama yale matuta kama alivyowahi kumtazama mkewe kule Irente.

"Hongera, mama!" Nathanaeli akapaza sauti toka njiani. "Nyumba hii inalima kama ina wake wawili!"

Mwanaisha akakimbilia kwa Bibi Tatu. Bibi akashika kichwa.

"Mgeni ningemtoa. Lakini mwanamke akikabidhiwa jembe mlangoni kwa mume, kwetu huyo ni nani?"

Aliporudi, moto ulikuwa umeshawashwa jikoni. Nyuma ya mlango bangili zikalia, na sauti ileile ikamsalimia, safari hii kwa Kishambaa safi cha Lukozi.

"Umechelewa, mke mwenzangu. Leo tunaanzia shamba lipi?"